Kuku Wasioijua Magharibi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hapa kijijini Moa, hakuna nyumba ya jirani iliyokuwa na saa ya ukutani, na hata hivyo hakuna mtoto aliyeweza kusingizia kwamba hakujua wakati. Saa yetu ilikuwa kuku. Jogoo akiwika mara ya pili, mama alikuwa ameshatawadha. Kuku wakitoka bandani nasi tulitoka, mswaki wa mti mdomoni na matongo machoni. Wakijikunyata kivulini, tulijua chungu kimeshaepuliwa. Na jua likianza kushuka, wakati ule mchezo wetu wa kujificha, kombolela, ndio kwanza umenoga, kuku walijisogeza wenyewe mlangoni pa banda, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia msikitini bila kusukumana. Mama alisimama kizingitini akasema neno moja tu: "Kuku wameshaingia." Hakuongeza jingine. Mtoto aliyebaki nje baada ya hapo alikuwa amezidiwa adabu na kuku, na hakuna aliyeitaka sifa hiyo.

Ua wetu ulikuwa wa makuti, umefungwa kwa kamba za katani, na harufu yake baada ya mvua naikumbuka mpaka leo. Asubuhi tulikunywa uji wa muhogo uliokamuliwa ndimu. Mchana lilisongwa bada, ule ugali wa muhogo unaonata vidoleni, likaliwa kwa samaki tasi wa kuchoma na mboga ya mchunga wa nazi, mchungu kidogo, mtamu zaidi. Nazi ilikunwa kila siku, na machicha yake yalikuwa haki ya kuku. Ukiyatupa mahali pengine, mama alikuuliza kama umeanza kudhulumu mayatima. Shuleni tulipewa uji wa bulga, ile ngano ya msaada, kwenye makopo, tukaulalamikia miaka yote, na leo mtu akinipa kopo moja nitaulia machozi.

Alasiri ilikuwa zamu ya chuo cha Kurani. Tuliandika kwenye vibao kwa wino wa masizi, na kuku wa mwalimu walikatiza katikati ya mikeka kama wanafunzi waliokwisha kuhitimu. Siku moja vifaranga vilivyoanguliwa majuzi tu vilikuwa vikichakura mbele yetu, vumbi likirukia vibao. Mwalimu alinyamazisha darasa zima.

"Hawa wamesoma chuo gani?" akatuuliza.

Akatuambia kila kiumbe Mola amekiumba na fitra yake, na kwamba fitra haiingizwi kwa bakora. Kisha akasema bakora ni yetu sisi, tukaendelea kusoma.

Watoto wa leo, Mungu awabariki, humjua kuku kuanzia paja. Mjukuu wangu mmoja anayekaa mjini Tanga alikuja likizo, nikamwekea kiganjani yai lililotagwa dakika ileile. Akashangaa lina joto. "Bibi, nani amelichemsha?" akaniuliza. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamweleza kwa upole, maana kosa si lake. Yai kwake hutoka kwenye trei.

Mama alikuwa na kanuni zake za kuku, alizozipokea kwa mama yake. Kuku mgeni akinunuliwa gulioni hakuachiwa uani hivi hivi. Alizungushwa mafiga, yale mawe matatu ya jikoni, mara tatu ili alijue jiko lake, kisha akafungwa kamba ya katani mguuni, ncha nyingine kwenye kigingi karibu na mlango wa jikoni. Alikaa hapo kama bibi harusi anavyokaa fungate, mpaka mama aone ameshazoea. Akifunguliwa, haendi popote. Mimi na dada yangu Mwanakombo ndio tuliokuwa tukimpelekea maji kwenye kifuu, na tulimwita wifi.

Leo sisi wawili tumerudi kulekule. Dada amefiwa na mumewe, nami nimefiwa na wangu, na Mwenyezi Mungu ametujaalia tuzeeke katika kiwanja tulichozaliwa. Nyumba sasa ni ya matofali na bati. Nazi bado tunakuna wenyewe. Dada anafuga kuku wa kienyeji, na mkubwa wao ni mtetea mmoja wa madoadoa anayemwita Bimkubwa, kwa sababu hata jogoo humpisha njia.

Mwanawe dada, Bakari, ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Anafanya kazi Pongwe, kwenye shamba la kuku wa mayai, wale wanaokaa ndani ya vizimba vya waya maisha yao yote. Mayai yakipungua, kuku huondolewa wote kwa mpigo, na wengi huishia kwa wauza chipsi. Mwezi wa Shaabani uliopita Bakari alitujia juu ya bodaboda, amekumbatia gunia.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba," nikasema. "Gunia la nini?"

"Mchuzi. Nimewaletea wa kufuturia. Wawekeni mpaka Ramadhani iandame."

Akalifungua katikati ya ua. Walitoka kuku watano, na mimi niliyekulia miguuni mwa kuku sikuwa nimepata kuona kuku wa namna ile. Shingo hazina manyoya. Midomo imekatwa ncha. Undu, ule wekundu wa kichwani, umepauka na kulala upande kama kofia iliyonyeshewa. Kucha zimekua mpaka zimepinda. Lakini kilichonishika moyo si hayo. Ua wetu ni mpana, na wao hawakwenda popote. Walisimama palepale gunia lilipofunguliwa, wamebanana bega kwa bega, kana kwamba waya bado umewazunguka. Dada akawatupia machicha ya nazi. Wakayatazama tu. Hawakujua kwamba chakula huwa chini.

"Bakari, hawa wanaumwa?"

"Hawaumwi, mama mdogo. Hawajawahi kukanyaga ardhi tu."

Nikasema papo hapo kwamba hawatachinjwa. Dada akanigeukia.

"Mishi, tutawafanyia nini sasa, tuwasomeshe?"

"Wamefika mikononi mwetu, dada. Ni amana. Wapate kwanza kuwa kuku, hata kwa siku chache, kabla hatujawafanya mchuzi."

Jioni ile jua lilipoanza kushuka, kuku wa kienyeji wakaingia bandani kama desturi, na wale watano wakachutama chini ya ukuta wa jikoni wasitikisike. Hatuwezi kumwacha kuku nje huku kwetu, maana nguchiro hatoi taarifa. Ikabidi tuwabebe mmoja mmoja kwenye kanga, vikongwe wawili tukipishana uani na adhana imeshakwisha. Na magharibi ni sala ya wakati mfinyu. Tuliiwahi kwa shida, dada ana manyoya kwenye ushungi.

Alipotoa salamu akaniambia, "Nisikilize. Ramadhani inakuja. Adhana ya magharibi mimi nataka niwe na tende mkononi, si kuku. Mwezi ukiandama na hawa bado hawajui kuingia wenyewe, Bakari anakuja na kisu."

"Na wakijua?"

"Wakijua, watakaa mpaka siku yao aliyoiandika Mungu. Sitasema neno."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yetu, na niliyaona ya haki. Kwa hiyo kesho yake tulianza kama mama alivyotufundisha. Tatizo la kwanza likawa mafiga. Jiko letu siku hizi ni mtungi wa gesi.

"Tutazunguka mtungi," akasema dada.

"Dada, hata mafiga yenyewe hayana dalili katika dini. Ni ada tu. Sasa mtungi?"

"Kuku naye hajasoma. Zunguka."

Nikazunguka. Kila kuku mara tatu, mtungi wa gesi katikati, nikijua kabisa kwamba majirani wanatuona dirishani. Kisha tukawafunga kamba za katani mguuni, kila mmoja na kigingi chake, karibu na mlango wa jikoni, wakae fungate.

Hapo ndipo tulipokosea. Kamba ya mama ilimfunga kuku mmoja, tena wa kienyeji, mwenye mdomo mkali na hila zake, na mama mwenyewe alikuwa jikoni mchana kutwa, mwiko mkononi. Sisi tulifunga watano wasio na mdomo wa kujitetea, tukajifunga kanga zetu na kwenda hitima kwa jirani. Bimkubwa alikuwa amewavumilia walipokuwa wageni wa kupita. Alipoona wamewekewa vigingi kama wenye mji, akaanza kazi. Aliyefungwa hawezi kukimbia. Mgongo usio na manyoya ukidonwa hutoa damu mara moja, na kuku wakiona damu hakuna mwenye huruma. Tuliporudi tulimkuta mmoja amelala kwenye ncha ya kamba yake, na wenzake wanne wametapakaa damu.

Dada aliinama akamgusa shingo.

"Amekuwa kibudu," akasema taratibu. "Tungemchinja kwa jina la Mungu angekuwa riziki. Sasa hafai hata kwa paka. Huruma yako hii, Mishi, iangalie vizuri."

Alikuwa amesema kweli. Tulimfukia nyuma ya choo, tukafungua kamba zote, tukawapaka wale wanne mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mwarobaini. Wakarudi kubanana chini ya ukuta, na Bimkubwa akawa anapita mbele yao kila baada ya muda kama askari wa zamu.

Siku ya pili, nikiwa bado nimekaa kwenye msala baada ya adhuhuri, Mola akanikumbusha jambo. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa na mtetea mwekundu, mkorofi asiye na mfano, aliyemwandama kuku mmoja mnyonge mpaka akawa hali chakula. Mimi na dada tulimhurumia yule mnyonge, tukamfunika na tenga, lile kapu kubwa la fito, ili asifikiwe. Mama akaja, akaliinua tenga, akamwachia mnyonge aende zake, akamkamata yule mwekundu na kumfunika yeye. "Usimfiche anayepigwa," akatuambia. "Mfiche anayepiga." Kuku wana daraja zao. Wa kwanza hula kwanza, wa mwisho hula makombo, na kila mmoja anajua wa kumpisha na wa kumdona. Lakini daraja hiyo haina hati. Akiondolewa siku chache, wenzake hujipanga bila yeye, na akirudi huanzia chini kama mgeni.

Nikainuka nikamfuata dada.

"Dada, Bimkubwa aingie tengani."

"Nani?"

"Bimkubwa."

"Mwenye mji afungwe, wageni wazurure?"

"Hawazururi. Wamejibana palepale ukutani."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Mama alifanya hivi. Humkumbuki yule mwekundu?"

"Mama alikuwa na kuku wenye akili. Wewe umeniletea makarani waliostaafu. Wamekaa ofisini maisha yao yote, leo wanataka shamba."

Nikarudi kukunja msala. Subira nimeisoma chuoni, lakini nimejifunzia kwa dada. Ilipofika alasiri niliingia kusali, na nilipotoka nikakuta tenga limesimama katikati ya ua, Bimkubwa yumo ndani anatutukana kwa lugha yake, na dada amekaa kando yake kwenye kigoda akichambua mchunga. Hakuninyanyulia macho.

"Yule mwekundu naye alikuwa kipenzi changu," akasema. "Mama hakuniomba ruhusa."

Mchunga ule hakuupika wote. Fungu moja alilifunga na kulining'iniza kwenye mstafeli, juu kidogo ya vichwa vya kuku, ili kila anayetaka jani alirukie. Mama alikuwa akisema mdomo usio na kazi hula mwenzake, na alilisema neno hilo kwa kuku na kwa wanawake wa kisimani vilevile. Wale wanne walilitazama fungu siku nzima. Siku iliyofuata mmoja akadona jani lililodondoka. Kesho yake wote wanne walikuwa chini ya mstafeli, wamenyoosha shingo zao zisizo na manyoya, wanarukaruka kwa miguu isiyozoea kuruka, na dada aligeukia ukutani nisione kwamba anacheka.

Kisha likaja lile ambalo sitalisahau. Asubuhi moja kuku yule aliyekuwa dhaifu kuliko wote, tuliyemwita Shingo Tupu, alifika mahali penye mchanga mkavu karibu na pipa la maji. Akasimama. Akakuna mara moja, akakuna tena. Ghafla akajilaza ubavu, akafungua bawa, akaanza kujirushia mchanga mgongoni, macho yamefumba kwa raha. Hakuna aliyemwonesha. Kuku wa kienyeji walikuwa upande wa pili wa nyumba, na yeye mwenyewe hakuwa amegusa mchanga tangu kuzaliwa. Nikabaki nikisema Alhamdulillahi moyoni mpaka kuku alipoinuka na kujikung'uta.

Bimkubwa alipotolewa tengani alitoka kama mke aliyekwenda kwao kwa hasira, akarudi akakuta funguo za kabati anazo mwingine. Alimwendea Shingo Tupu kifua mbele. Mtetea mweusi wa kienyeji, ambaye zamani alikuwa akimkimbia, akamdona kichwani mara moja tu, naye akarudi nyuma akala na wa mwisho. Dada alimwonea uchungu, lakini hakumwingilia. Tangu hapo damu haikumwagika tena uani.

Basi wakawa kuku karibu kwa kila kitu. Walichakura, walikula machicha, mmoja akataga yai kando ya mtungi wa gesi, na dada akanikumbusha ni nani aliyesema tuuzunguke. Lakini jambo moja liligoma, na ndilo lililokuwa sharti. Kila jioni wenyeji waliingia bandani, na wale wanne wakachutama chini ya ukuta wa jikoni. Nilijaribu kugonga kifuu na kuita kama mama alivyoita. Nilijaribu kuweka machicha ndani ya banda. Waliyala mchana, jioni wakarudi ukutani. Mwezi wa Shaabani ukawa unakonda juu yetu, na kila tulipowabeba kwenye kanga dada alisema, "Tende, Mishi. Tende." Nilianza kuwaombea dua katika sijida, na sioni haya kusema hivyo. Mwenye kumlisha ndege ndiye ninayemwomba mkate wangu.

Bakari alikuja kututazama jioni moja. Alikaa kibarazani, kichwa amekiinamisha kwenye simu.

"Bakari," mama yake akamwambia, "ungekuwa unanitazama mimi namna unavyoitazama hiyo simu, ningenenepa."

Akacheka, akaiweka mfukoni. Ndipo akawaona kuku wakijipanga ukutani. Akawatazama, akatazama juu, akawatazama tena.

"Mama mdogo, hawa hawakai ovyo. Tazama wamekaa chini ya nini."

Nikatazama. Walikuwa chini ya taa ya jikoni.

"Kule kwetu hakuna magharibi," akasema. "Taa zinawaka moja kwa moja, mtu akizima swichi ndiyo usiku. Giza linawakuta hapohapo walipo. Hawajui kulifuata. Na banda lenu ndani ni kiza kitupu. Wanakimbilia kwenye mwanga, wanangoja tuwazimie."

Wazee tulitazamana. Siku zote zile tulikuwa tukiwafundisha njia ya bandani, na wao kilichowapotea ni jua kuzama. Bakari akachukua taa ndogo ya sola tunayotumia chooni, akaitundika ndani ya banda, akazima ya jikoni. Kuku wale wakainuka, wakahangaika, wakatafuta. Mmoja akaona mwanga mlangoni pa banda akaufuata. Wengine watatu tuliwabeba. Jioni iliyofuata waliingia wawili. Dada akasema wawili si wanne.

Ikafika siku ya kuangalia mwezi. Bakari alikuja tangu alasiri, kisu amekizungushia gazeti, kwa sababu mama yake alimwambia aje nacho, naye ni mtoto mtiifu hata kwa asilolipenda. Siku nzima kulikuwa na mawingu. Yalifunguka kidogo upande wa machweo, na kijiji kizima kikawa kimetoka nje, watu wameinua nyuso kutafuta uzi ule mwembamba. Sisi watatu tulikuwa tumeupa mwezi kisogo, tunatazama mlango wa banda.

Wenyeji waliingia. Kuku wa kwanza wa Pongwe akaingia. Mara taa ya sola ikafifia, ikazimika. Haikuwa imepata jua la kutosha. Banda likawa kiza kitupu, na wale watatu waliobaki wakasimama mlangoni, wamebanana bega kwa bega kama siku ile ya gunia.

Bakari akatoa simu awashe tochi. Dada akamshika mkono.

"Hapana. Wenyewe."

Sharti lilikuwa lake na nilikuwa nimelikubali. Nikabaki na dua yangu.

Kuku wa mwisho aliyekuwa bado uani ni Bimkubwa. Tangu ashuke daraja alikuwa akila mwisho, kwa hiyo alichelewa kila jioni. Alikuja kwa haraka, tumbo limemjaa, akawakuta wale watatu wameziba mlango. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshapenya katikati yao, amewasukuma kwa bega bila kudona, ameingia kizani akitoa ile sauti ndogo ya kooni wanayoitoa kuku wakitafuta pa kulala. Shingo Tupu alinyoosha shingo. Akasikiliza. Akainua mguu, akauweka ndani, akamfuata. Wa tatu akamfuata Shingo Tupu. Wa nne akabaki peke yake, na kuku hapendi kubaki peke yake. Akaingia.

Dada alikwenda mwenyewe akalisukuma komeo. Kutoka upande wa msikitini tukasikia watu wakisema mwezi umeonekana.

"Mama," akasema Bakari, "na kisu?"

"Kipeleke jikoni. Kuna muhogo wa daku wa kumenya."

Ramadhani yote ile tulifuturu tukiwa tumekaa, alhamdulillahi, tende mkononi, na kuku bandani wakipanga wenyewe nani alale na nani. Manyoya yameshaota shingoni. Mayai yao si mengi kama ya kizimbani, lakini yanatosha vikongwe wawili na jirani mmoja.

Nikikaa kibarazani nawaza tofauti ya zama zile na hizi. Mama hakuwahi kumfundisha kuku magharibi. Hakukuwa na kiumbe asiyeijua: kuku, mbuzi, mtoto, mvuvi, wote jua liliwarudisha nyumbani kwa pamoja, na kijiji kilinyamaza kwa pamoja. Leo mwanga hauzimi, na kila mtu ana usiku wake. Watoto wetu hukaa kwenye vyumba vyao wameinamia vioo vya simu, na saa ya kuitana ndani haipo tena, kwa kuwa hakuna aliyetoka. Ninaitamani ile sauti ya mama kizingitini, siwezi kukataa. Lakini siwezi tena kusema, kama wazee wenzangu wanavyosema, kwamba kizazi hiki kimeharibika. Nimemwona kwa macho yangu kuku aliyezaliwa juu ya waya akijilaza mchangani bila mwalimu. Fitra haifi. Inasubiri mahali pake, na mtu wa kuiondolea mgomvi.

Jana Bakari amepiga simu. Kundi jingine linaondolewa vizimbani mwezi ujao, anauliza kama alete. Sikuthubutu kujibu, nikampa dada simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akamrudishia mwanawe salamu, akakata. Kisha akaniuliza kama fito za kulipanua banda tuzikate sasa, au tungoje mvua hii ipite.